Nyuma ya mlango

Jumamosi nilimpeleka binti yangu Shangani kununua mafuta ya nywele. Nikiwa nahesabu chenji, akaniita kutoka nyuma ya mlango: "Baba, hapa pameandikwa Mama Shaibu. Si bibi huyo?"

"Mama Shaibu wako wengi Mtwara," nikamjibu. Muuzaji akacheka.

Ile fremu naijua tangu haijawekwa vioo. Alikuwamo mzee mmoja aliyeuza sukari, mafuta ya taa, kanga na sabuni za mche. Mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za Shangani, na jioni, kabla ya kurudi Magomeni, alipita pale kukopa. Kulipa ni msimu wa korosho. Mzee hakuwa mtu wa kangomba, wale wanaokukopesha ili uwalipe korosho kwa bei ya kutupa. Alikuwa anataka hela yake, basi.

Mwaka 2012 habari za gesi zikapamba moto. Wageni wakajaa, wenye nyumba wakaanza kutaja kodi kwa dola, mzee akapewa mwezi mmoja ahame. Aliyeingia alitoka Dar na alitaka duka la kisasa. Mimi nilikuwa kijana wa vibarua. Nikakabidhiwa rola na ndoo mbili za rangi nyeupe.

Mlango ulipofungwa ndipo nikauona ule ukuta. Umejaa mkaa toka usawa wa goti hadi ninapofika kwa mkono. Majina, kilo, shilingi. Mengi yamekatwa mstari. La mama halikukatwa: *Mama Shaibu 17,500, msimu.* Msimu wa mwaka gani, hakuandika.

Mzee alikuwa anamalizia kubeba vitu vyake, mawe ya mizani kwenye kikapu, yakigongana kila akipiga hatua. Aliponiona nimesimama, akayaweka chini.

"We si mtoto wake?"

"Ndiyo, mzee."

"Hilo acha mwisho."

Nikapaka mengine yote. Rangi ikachanganyika na mkaa, ukuta ukawa kijivu, nikarudia. Yeye kakaa juu ya debe tupu, hasemi kitu, anaangalia pale pale. Nilitamani aniambie deni limelipwa, alisahau tu kukata. Au aniambie halijalipwa, nitoe ujira wangu wa siku ile, ingawa usingefika hata nusu. Likabaki hilo moja, jeusi katikati ya weupe, linaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa.

"Haya, maliza," akasema, akabeba kikapu chake, akatoka. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa na haraka pia, niseme ukweli. Bosi alikuwa anakuja saa kumi.

Duka la kisasa halikumaliza miaka miwili. Zikaja vurugu za 2013 za bomba la gesi kwenda Dar, wageni wakapungua. Fremu ikawa ofisi ya magari ya kukodi, ikawa saluni, ikafungwa, ikawa ya simu, sasa ni ya vipodozi. Kila anayeingia anapaka rangi yake. Nyuma ya mlango, naona, hakuna anayehangaika kupaka. Rangi yangu ya siku ile imebanduka, mkaa umejitokeza.

Mama yuko Naliendele, simu anapokea vizuri tu. Wiki hii nimempigia mara mbili. Tumeongea habari za mvua na bei ya korosho.