Kabla sijapiga ngoma

Kuna jumapili moja siwezi kuisahau. Mi nilikua mpiga ngoma kwenye kikundi chetu cha maombi, watu wa makanisa tofauti tofauti, Walutheri, Wapentekoste, Msabato mmoja, Wakatoliki wawili, na kwangu mimi kupiga ile ngoma ndo ilikua sala yenyewe.

Akaja dada mmoja kaokoka juzi juzi tu. Kila nikianza kupiga anatoka nje. Mara ya kwanza nikajua ni simu, mara ya tatu nikakasirika nikamuuliza dada shida nini, akasema zamani ngoma ndo ilikua inampandisha mashetani, akisikia mdundo mwili wote unakumbuka. Na mi badala ya kunyamaza nikafungua Warumi 14, pale Paulo anapoongelea waumini waliotofautiana kuhusu chakula, nikamwambia wewe ni dhaifu wa imani, ngoma ni ngozi na mti tu. Nilitamka hivyo mbele ya watu. Akalia, hakujibu kitu.

Mzee aliyekua anatuongoza akasema umeishia mstari wa kwanza, soma na wa tatu. Nikasoma, anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Akanambia huyu dada hajakuhukumu, hajasema unapigia mashetani, katoka tu kimya kimya, wewe ndo umemdharau. Afu akanipeleka 1 Wakorintho 8, ile ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, na kumbe Paulo anakubali kabisa kwamba sanamu si kitu, yaani ile hoja yangu ya ngozi na mti Paulo anayo tayari, ila anasema kama chakula kinamkwaza ndugu yake basi nyama hali tena milele. Nilikosa pa kuweka uso.

Akatusimulia pia habari za Polycarp, askofu wa Smirna, aliyeenda Roma kama mwaka 155 kuonana na Anicetus, askofu wa Roma, tarehe ya Pasaka ikawashinda kukubaliana, kila mtu akabaki na msimamo wake, na bado Anicetus akampisha mgeni wake aongoze Ekaristi wakaagana kwa amani. Mi siku zote nilidhani umoja unakuja mmoja akishashinda.

Nikamuomba dada msamaha palepale, mbele ya watu walewale nilipomuumizia. Wiki kadhaa tukaimba kwa makofi tu. Kuna walionuna, mmoja akasema sasa tutakua tunaongozwa na kila mwenye woga, na kiukweli sikumlaumu, maana yeye Mungu amemjua kwenye ngoma, ukimnyima hiyo umemnyima kitu kikubwa sana, na yeye pia ana dhamiri.

Baadae dada mwenyewe ndo akanifata, akasema piga tu kaka, ila unambie kabla hujaanza, mi nitakaa karibu na mlango. Basi ikawa kabla sijagusa ngoma namwangalia kwanza. Siku nyingine anatikisa kichwa, naiacha. Siku nyingine anabaki.