Hilo jani umeliona wapi?

Tangu Jumanne kuna swali limenikaa kooni. Wiki yenyewe imejaa mambo: Baba Neema katia saini mkataba wa miaka 2 mingine hapa Kyoto, Neema kang'oka jino la kwanza. Lakini nikifumba macho namwona mwalimu wangu wa kuchora tu, ameinama juu ya hariri yangu.

Ni ileile hariri ya yuzen, ufundi wa Kijapani wa kuchora kwa rangi kwenye kitambaa, niliyoianza mwezi wa 9. Nilichora majani 11 ya momiji, ule mti wa Kijapani unaogeuka mwekundu wakati wa vuli, nikayazungushia gundi ya mchele wa kunata ili rangi zisivuke mstari, kisha nikayajaza yote wekundu mmoja mkali. Ilibaki kupikwa kwa mvuke na kuoshwa tu. Mwalimu akalitazama jani moja, akalitazama weee, halafu akauliza kwa upole:

"Hilo jani umeliona wapi?"

"Kila mahali, mwalimu. Mji mzima mwekundu."

"Mji, sawa. Jani je?"

Basi, akaenda kuchemsha chai.

Mji, sawa. Jani je? Nimelirudia kwenye basi, nikimenya vitunguu, nikikunja nguo. Iliniuma. Yeye kakulia chini ya miti hiyo, mimi nina vuli 3 tu hapa.

Alhamisi nikaenda Tofukuji, hekalu lenye bonde la momiji. Watu walijazana juu ya daraja lake la Tsutenkyo wakitazama. Mimi nikashuka bondeni, nikaokota jani moja. Ncha zake nyekundu kama pilipili iliyoiva, katikati rangi ya chungwa, karibu na kikonyo bado kijani. Na huoni wapi rangi moja inaishia. Ndivyo walivyofanya wachoraji wa Rinpa, mtindo wa kale wa Kijapani, akina Sakai Hoitsu: walidondosha rangi ya pili kabla ya kwanza kukauka, zikachanganyika zenyewe.

Nikiwa nimelishika, nikaukumbuka mkungu wa uani kwetu Tanga. Majani yake nayo hugeuka hivyohivyo kabla ya kuanguka, na aliyeyafagia kila asubuhi ni mimi. Nimeliona, mwalimu! Nililiona kabla sijawahi kulisikia neno momiji. Nilicheka peke yangu pale bondeni, roho nyeupe kabisa.

Nimenunua kipande kipya cha hariri. Safari hii nachora jani moja tu.

Nilitaka kumuuliza Mama kama mkungu ule bado upo. Simu yake inaita tu tangu juzi, haipokelewi, na dada naye hajajibu ujumbe wangu.