Kifundo hiki kimenichosha

Jamani, wiki ya tisa sasa. Niliteguka kifundo cha mguu Nkuhungu, hapa Dodoma, nikishuka kwenye bodaboda, mguu ukatua kwenye kikorongo cha mvua. Nikasikia "ka!", nikadhani ni la kupita. Duka la dawa nikapewa diklofenaki ya maumivu na bandeji. Shangazi akaniletea mkandaji. Maji ya moto, mafuta, vidole kama koleo, nikalia mbele ya watoto. Asubuhi kifundo kimeumuka kama andazi. (Sirudii, shangazi anisamehe.)

Kituo cha afya wakapiga eksirei: mfupa mzima, kapumzike. Sawa, lakini eksirei haionyeshi kano zinazoshika mifupa, na mimi nikishuka ngazi mguu unalala upande wenyewe.

Nilitaka niende moja kwa moja Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Jirani akanishtua: kwa bima, bila barua ya rufaa utarudishwa mlangoni. Basi Jumatatu naanzia General, hospitali ya mkoa hapa mjini, niombe kuonwa na daktari wa mifupa, na mtu wa mazoezi tiba pia.

Aliyewahi kutibiwa kifundo pale aniambie, foleni niiwahi saa ngapi? Nitakuja na kandambili, kiatu bado hakiingii.