Jioni tuliyopima sheminé

"Nani alishika ule mwisho mwingine wa mita?" Binti yangu aliuliza hivyo juzi, redio ilipotaja galaksi iliyo umbali wa mamilioni ya miaka ya nuru. Mkono wangu ukabaki kwenye bukari, ugali wetu. Nilimkumbuka baba mdogo, Topo wetu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi.

Mwisho wa mita niliushika mimi. Baba mdogo alikuwa mpima ardhi mgodini, na jioni hiyo ya Juni alirudi nyumbani na utepe wake mrefu. Baridi ya kiangazi ilishaanza kuuma. Akapigilia msumari kwenye kona ya ukuta, nikaibana pete ya utepe hapo kwa kidole gumba, naye akaenda akiunyoosha hadi kwenye mwembe upande wa pili wa uwanja. "Kaza!" Akasoma. Kisha akapima upya, safari hii kutoka mwembeni kuja kwangu, maana msingi, yaani mstari huu wa kwanza, ukikosea sentimita hapa, huko mbele unakosea mtaa mzima. Tarakimu aliziandika kwa penseli kwenye kipande cha mfuko wa simenti.

Ikafuata raporta ya kupimia pembe, iliyofungwa kwenye ubao, na ganda tupu la biki la kuchungulia. Nikailenga sheminé, lile bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, kutoka msumarini, halafu kutoka mwembeni. Pembe zilipishana kidogo tu.

"Sheminé imetembea?"

"Hapana, papa."

"Ni weye njo umetembea."

Akachora pembetatu, akakokotoa, na umbali ukatoka pale karatasini bila mtu yeyote kukanyaga kiwandani. Mpaka leo hakuna hesabu iliyonipa furaha kama ile.

Kuran ya umeme ikakatika, mtaa wote giza. Msalaba wa Kusini ukajitokeza juu ya mabati, na Alfa Centauri kando yake. Ile nayo inapimika, akasema, ila uwanja wetu hautoshi: unasubiri miezi sita dunia ivuke upande wa pili wa jua, msingi unakuwa kilomita milioni 300. Hata hivyo, ukiikata digrii moja vipande 3,600, nyota inahama kipande kimoja na nusu hivi. Mnajimu Thomas Henderson aliipima akiwa Rasi ya Tumaini Jema, 1832 na 1833. Nuru yake hutumia miaka minne na ushee kutufikia.

"Na za mbali zaidi?"

"Huko pembetatu inaisha." Tukaingia kula.

Mengine niliyasoma baadaye, bila yeye. Kwamba mwaka 1912 mnajimu Henrietta Leavitt alionyesha kuwa nyota za Cepheid, kadiri zinavyochukua muda mrefu kung'aa na kufifia, ndivyo zilivyo na mwanga mkubwa. Na koroboi ukishaijua nguvu yake, ufifi wake unakuambia iko mbali kiasi gani. Kwamba Georges Lemaître, padri Mbelgiji, aliandika mwaka 1927, kwa Kifaransa, lugha ya madaftari yetu, kuwa galaksi zinaachana kwa sababu ulimwengu wenyewe unatanuka. Alikadiria kasi ya kama kilomita 600 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani miaka ya nuru milioni 3.26. Mnajimu Edwin Hubble mwaka 1929 alipata kama 500. Zote zilizidi mno, kwa kuwa galaksi ziko mbali kuliko walivyodhani. Hapo nilimsikia kabisa baba mdogo: pima tena msingi.

Leo wanaosoma nuru ya kale, iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, wanapata kama 67, na wanaopanda hatua kwa hatua, kwa pembetatu kisha Cepheid, wanapata kama 73. Kwa muda mrefu niliamini jibu ni lile lile lake. Lakini darubini ya James Webb imezipima upya Cepheid zilizopimwa na darubini ya Hubble, na vipimo vimekubaliana. Msingi umepimwa mara mbili, tofauti ingalipo. Laiti ningeweza kumuuliza afanyeje mpimaji akifika hapo, maana mimi sioni, na nimelifikiria swali hili wiki nzima.