Siku moja maishani mwangu: hodi ya kebo

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi na chapati, kabla joto la Dar halijapanda. Kazi yangu ni upande wa mtandao katika mfumo endeshi mdogo wa ruta, uliojengwa juu ya Linux. Jaribio la usiku limefeli tena: kebo imechomekwa, taa ya kijani inawaka, lakini programu inayogawa anwani imeshikilia kwamba kebo imechomolewa.

Saa 3, ofisini. Nachomoa kebo, taarifa inapita kwenye skrini. Nachomeka, nyingine hiyo. Kwa mwendo wa mkono hakuna kosa. Basi nailaza programu sekunde chache, huku skripti ikizima na kuwasha mlango wa mtandao mfululizo. Hapo ndipo. Bafa, yaani nafasi ya kuhifadhi taarifa zinazosubiri kusomwa, imejaa kwenye soketi ya Netlink, njia ambayo kerneli (kiini cha Linux) huzipitishia programu taarifa za mtandao. Kerneli imetupa zilizozidi, na programu ilipoamka ikapewa ENOBUFS, kosa la kusema nafasi imejaa. Sisi tulikuwa tunaiandika kwenye logi na kuendelea. Kumbe habari ya kwamba kebo imerudi ilikuwa ndani ya zilizotupwa.

Saa 5. “Kaka, si tuongeze bafa tu?” anauliza dogo tunayefanya naye kazi. Tutaongeza, lakini bafa yoyote hujaa. Ninachokishikilia ni hiki: taarifa ipige hodi tu. Ukiisikia, nenda mwenyewe kaiulize kerneli hali ilivyo sasa. Na ENOBUFS nayo ni hodi, tena kubwa kuliko zote: umepitwa, soma orodha yote upya.

Saa 7, wali maharage kwa mama ntilie. Dogo hajaridhika: kwa nini basi tusikague kila kitu kila mara? Namweleza habari ya select, njia ya programu kuiuliza kerneli ni soketi zipi zina data, iliyokuja na 4.2BSD, toleo la Unix, mwaka 1983. Kila ukiiita unaikabidhi orodha nzima, nayo kerneli inaipitia soketi moja moja, hata kama yenye data ni moja tu. Kqueue ya FreeBSD, mwaka 2000, ikabadilisha utaratibu: unajiandikisha mara moja, kisha unaletewa soketi zilizo tayari peke yake. Epoll ya Linux ikafuata 2002. Zote mbili zinaweza kubisha mpaka umalize kusoma, au kubisha mara moja hali inapobadilika. Hii ya mara moja inataka adabu: usiposoma mpaka upewe EAGAIN, yaani jibu la kwamba kwa sasa hakuna zaidi, data inabaki ndani na huenda usiitwe tena. Iliwahi kunila wiki nzima.

Saa 9. Naandika. Mistari si mingi, uzito uko kwenye mpangilio: jiandikishe kwanza, ndipo usome hali. Ukianza kusoma, badiliko litakalotokea katikati halitakufikia kamwe.

Saa 11 jioni. Programu imelazwa, skripti inakimbia, bafa imejaa, ENOBUFS hiyo. Safari hii programu inaomba orodha yote, inaikuta kebo iko mahali pake, inagawa anwani. Naiachia skripti izunguke mpaka asubuhi.