Rambo la dawa za Mama Mkubwa

Jana mtoto kaniuliza: mbona Mama Mkubwa akienda kliniki anabeba dawa zote za nyumbani, hata za kikohozi? Nikamjibu, daktari anataka kuziona. Basi.

Ilikuwa kabla rambo hazijapigwa marufuku mwaka 2019, maana nalikumbuka lile jeusi. Miguu ilikuwa imevimba tena, na kila akiinuka kizunguzungu. Moyo ulikuwa na kliniki yake, magoti yana daktari wake, na presha alikuwa akipimiwa zahanati ya Mbagala, kwa daftari jingine. Tukashuka Kariakoo kutafuta dawa zilizokosekana dirishani.

"Shikamoo mama. Nyingine unazotumia ziko wapi?" akauliza binti wa duka la dawa.

Mama Mkubwa akazimwaga zote kaunta. Binti akawa anageuza pakiti moja moja, anasoma nyuma, anapanga. Karvediloli hapa. Atenololi akaiburuta kwa kidole mpaka zikagusana.

"Hii kaandika nani?"

"Zahanati."

"Na hii?"

"Wale wa moyo."

"Zote mbili zinapunguza mapigo, mama." Diklofenaki ya magoti akaisukuma pembeni. "Na hii inakuzuilia maji mwilini, huku unameza Lasix uyatoe."

Nyuma yetu jamaa analalamika, yeye anataka Panadol tu. Binti hakumjali. Akamshika Mama Mkubwa kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani, midomo ikihesabu. Mapigo 44 kwa dakika, machache mno.

"Diklofenaki usiiguse tena. Hizi mbili siwezi kukukatia mimi, wala usiache ghafla kwa kujiamulia. Rudini kliniki leo leo." Akatuandikia kikaratasi.

Tulirudi, atenololi ikaondolewa, miguu ikanywea.

Nimlaumu nani, mpaka leo sijajua. Atenololi ni dawa ya presha kweli, karvediloli ndiyo yenyewe kwa moyo uliotanuka. Kila mtu alitibu alicholetewa, na daftari la huku halikuwahi kufika kule. Aliyeuliza "nyingine ziko wapi" ni muuza dawa, ambaye wala hatukumlipa kwa kutuuliza.

Mama Mkubwa hana lawama na yeyote isipokuwa huyo binti. Anasema Panadol haifui dafu kwa goti lake, na akipita duka la dawa la mtaani kwetu huwa ananitazama kwanza kama niko karibu.