Siku moja maishani mwangu: wateja wanadondokea wapi?

Saa 1 asubuhi. Namba za jana kwanza, msimbo wa programu baadaye. Huduma yenyewe ni ndogo: mfanyabiashara anaandika ankara mtandaoni na kuituma kwa mteja wake. Waliofungua ukurasa ni 140, waliojisajili 21, waliothibitisha barua pepe 9, waliotuma ankara ya kwanza 4. Tundu liko kati ya 21 na 9, kwa hiyo vipengele vipya vitasubiri.

Saa 2. Hifadhidata inaonyesha kwamba 10 kati ya wale 12 wasiothibitisha wana anwani za mtoa huduma mmoja. Si uvivu basi. Ujumbe wa kuthibitisha unaishia kwenye barua taka. Najitumia ujumbe wa majaribio, nafungua vichwa vyake (maelezo ya kiufundi ya safari yake): SPF, ukaguzi wa seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa (jina letu la mtandaoni), inasema permerror, yaani kosa la mpangilio. Ukiangalia DNS, daftari la mtandao lenye taarifa za kikoa, iko mistari miwili inayoanza na v=spf1: mmoja wa zamani wa barua za ofisi, mwingine uliongezwa siku ya kuhamia seva mpya. Kikoa kimoja kinaruhusiwa mstari mmoja tu wa aina hiyo. Ikiwepo miwili, ukaguzi wote unaanguka, hata kwa seva halali. Dawa ni mstari mmoja unaotaja seva zote, usiolazimisha DNS kutafutwa zaidi ya mara 10. TTL, muda ambao taarifa ya zamani ya DNS huendelea kukumbukwa, ni sekunde 3600, kwa hiyo saa nzima ya kusubiri.

Saa 4. Mahojiano na mtumiaji, dakika 30. "Ungependa kipengele hiki?" ni swali bovu, maana watu wana adabu na watasema ndiyo. Lenye faida ni hili: "Mara ya mwisho ulipodai malipo, ulifanyaje?" Jibu la leo: ananakili ankara ileile kila mwezi na kubadilisha tarehe.

Saa 6 mchana. Limeletwa wazo la kujaribu rangi mbili za kitufe cha kujisajili. Kanuni ya haraka ya idadi ya watu wanaohitajika kila upande: 16 × p(1−p) ÷ d², p ikiwa kiwango cha sasa cha wanaojisajili na d tofauti unayotaka kuiona. Kuona tofauti kati ya 15% na 18% kunataka watu kama 2,300 kila upande. Kwa wageni 140 kwa siku, ni zaidi ya mwezi mzima kwa ajili ya rangi. Hapana.

Saa 8. Kitufe cha "Rudia kila mwezi". Nyuma yake hakuna mtambo wowote: ombi linaandikwa kwenye jedwali, ankara tunazituma kwa mkono hadi wafike wateja 10. Wasipofika, tumepoteza mchana mmoja. Kitu kimoja hakifanyiwi mkato: sharti la upekee ndani ya hifadhidata, linalokataa rekodi ya pili ya ankara ileile kwa mwezi uleule. Kuzima kitufe baada ya kubofya hakutoshi, kwa sababu mtandao ukisuasua ombi hurudiwa lenyewe na mteja hudaiwa mara mbili.

Saa 10. Kupandisha toleo. Safu mpya ya jedwali inaongezwa ikiwa inakubali utupu (kukosa thamani), kisha msimbo mpya, kisha safu inajazwa, ndipo ulazima wa kuwa na thamani unawekwa. Ukigeuza mpangilio, msimbo wa zamani ambao bado unahudumia watu utakwama ukiandika. Faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, najenga kwa chaguo la CONCURRENTLY, la sivyo jedwali linafungwa kwa waandikaji hadi ikamilike.

Saa 12 jioni. Tangu mstari wa SPF ubadilike wamejisajili 6, wamethibitisha 5. Ni wachache mno kwa sherehe. Wale 12 wa jana wanatumiwa kiungo kipya, maana cha kwanza huisha muda baada ya saa 24.